Sanda ya Mama na Kufuli la Namba

Wanawake wa rika la Bi Mwanatumu pale mtaani Jericho, Nairobi, walikuwa wakijipunguzia miaka. Yeye alijiongezea. Akiulizwa umri alitaja miwili zaidi ya ile ya kitambulisho, na mwanawe Aqil akimcheka, alimjibu kwamba serikali haikuwepo chumbani siku alipozaliwa. Nyumba nzima iliangua kicheko. Sasa alikuwa amefariki alfajiri, na miaka yake yote, iliyoandikwa na isiyoandikwa, ilikuwa imekwisha.

Maiti haiwekwi. Jeneza lilitakiwa kutoka baada ya swala ya alasiri. Hema lilishasimamishwa nje, majirani wameleta viti, na Bi Ruqiyo, muosha maiti aliyekuwa pia shoga wa marehemu, alikuwa chumba cha ndani na ndoo zake na karafuu maiti.

"Leteni sanda," alisema kutoka nyuma ya pazia.

Mwanasiti, binti wa marehemu, alilivuta kufuli kwa mara nyingine. Alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku la chuma tangu asubuhi, vidole vimemvimba.

Sanda ilikuwa humo ndani. Mama aliinunua Makka alipokwenda kuhiji, akaifua kwa maji ya Zamzam, akarudi nayo Nairobi akiwa ameipakata mapajani ndege nzima. Akatengenezewa sanduku hilo sokoni Gikomba, akalipiga kufuli nene la namba nne, kwa sababu katika nyumba ya vyumba viwili yenye wajukuu na wageni, kitambaa cheupe hakikawii kuwa cha kufunika meza. "Msinizike na kingine," alisema. "Nataka kwenda mbele ya Mola wangu na hiki." Mwanasiti alimshika mikono yote miwili akamwahidi.

Na namba alikuwa ameambiwa! Hilo ndilo lililomchoma. Mama alimpigia simu Mwanasiti yuko kibandani kwake Gikomba, belo, robota zima la magauni, limefunguliwa dakika ile ile na wateja wanavutana. Muuza mitumba yeyote atakwambia: belo likifunguliwa hakuna mama wala mtoto. "Ndiyo, Mama, nimeshika," alijibu, simu kaibana begani, jicho kwenye gauni la bluu lililokuwa likiondoka bila kulipiwa. Hakushika kitu. Kilichombakia kichwani ni maneno matatu tu: ni mwaka nilioitwa.

Kuitwa, kwa Mama, ni kwenda Makka. Alikuwa akisema haendi mtu asiyeitwa. Mwaka huo Mwanasiti aliujua vizuri, yeye mwenyewe ndiye aliyempeleka uwanja wa ndege. Aliweka 2018. Kufuli halikutikisika. Aliweka tena polepole, akizungusha kila gurudumu la namba. Wapi! Akajaribu mwaka aliozaliwa Mama, mwaka wa harusi yake, mwaka aliokufa Baba. Akajaribu namba zisizo na maana yoyote, akisoma bismillahi kila mara.

Jirani yao Bedan, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuja na vifaa vyake. Msumeno ukakatika meno. Akapiga kwa nyundo hadi Bi Ruqiyo akatoa kichwa nje ya pazia, macho makali.

"Nyinyi mna nini? Mtu anaoshwa huku ndani, mnagonga kama mnajenga ghorofa!"

"Pole, mama," Bedan alisema, akaweka nyundo chini. Akamgeukia Mwanasiti. "Siz, hii kitu inataka grinder, na stima ilipotea asubuhi. Bila stima mimi ni mtu tu kama wewe."

Aqil, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa muda, alivaa viatu. "Naenda dukani kuchukua bafta. Sheikh amesema nguo yoyote nyeupe safi inatosha. Kumchelewesha Mama ndiyo dhambi."

"Kakangu, nilimwahidi."

"Na mimi nilimwahidi nini? Kwamba atakaa chumbani akingoja kufuli?"

Akaondoka. Mwanasiti alijua kaka yake hana kosa, na hilo lilimuumiza zaidi. Alirudi kwenye kufuli. Machozi yalimzuia kuona namba, akawa anazungusha kwa kupapasa tu. Sasa alikuwa akimsemesha Mama kwa sauti, bila kujali nani anasikia. "Niambie tena. Mara moja tu, Mama. Safari hii nasikiliza." Binti yake Aqsa, kijana wa chuo, aliketi kochini akiwatumia jamaa wa Mombasa ujumbe wa msiba, na hakuthubutu kumtazama.

Aqil alirudi na bafta mpya, bado ina harufu ya duka. Akaipitisha nyuma ya pazia. Mwanasiti alisikia ikikunjuliwa, kisha mkasi ukianza kukata. Alilia kama mtoto mdogo.

Sheikh akachungulia mlangoni. Alitaka kutangaza msiba msikitini. "Marehemu alikuwa na miaka mingapi?"

"Sabini na mmoja," Aqil alijibu.

"Sabini na mitatu!" Bi Ruqiyo alipaaza sauti kutoka ndani. "Usimpunguzie shoga yangu umri. Mimi na yeye tulihesabu pamoja, kila mwaka mpya mwezi ukiandama."

Mwanasiti aliacha kulia. Mwezi ukiandama. Mama alihesabu kwa mwezi! Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa kitambulisho, ndiyo maana miaka yake ilikuwa mingi. Hakuwa akijiongezea hata siku moja.

"Aqsa! Ile hija ya bibi yako, kwa hesabu ya Kiislamu ilikuwa mwaka gani? Tafuta kwenye simu. Haraka!"

"Elfu moja mia nne thelathini na tisa."

Moja. Nne. Tatu. Tisa. Kufuli likafunguka kwa ulaini wa kukasirisha.

"Bi Ruqiyo, usikate! Usikate tena!"

Mkasi ulinyamaza. Bi Ruqiyo akatoka mwenyewe, mikono ingali na maji, akapiga magoti karibu naye. Ndani ya sanduku kulikuwa na mafungu mawili meupe yaliyokunjwa sawasawa. Akachukua la juu.

"Hii ndiyo yake. Aliinunua na yako siku hiyo hiyo. Alinikataza nisikwambie, alisema utaogopa."

Mama alitoka katika sanda yake, alasiri, mabegani mwa wanaume. Nyumba ilipopungua watu, Mwanasiti alikaa sakafuni na kufuli likiwa wazi. Alikibonyeza kitufe chake cha kubadilishia namba kwa ncha ya kalamu, akazungusha namba mpya.

"Aqsa, njoo nikuonyeshe. Ni mwaka uliozaliwa wewe, kwa hesabu ya bibi."

"Nimeshika, mathe," Aqsa alisema, macho kwenye simu.

Mwanasiti aliinuka. Kisha akamwendea, akamtoa simu mkononi, akaiweka ndani ya sanduku, pembeni ya sanda yake, na kupiga kufuli.

"Haya," alisema. "Fungua."