Jirani wa Lugha Nyingine

Papa Janko alikuwa mbishi hasa, na Emérence, aliyelipwa kumtunza nyumbani kwake Buffalo, Marekani, alimpenda hivyo hivyo. Mwanamke aliyekulia Uvira, Kongo, hatishwi na mzee anayenuna. Lakini siku hiyo, mkesha wa Krismasi ya Waserbia, Januari 2015, mzee aligoma kula tangu asubuhi.

"Nani kapika?" aliuliza.

"Mimi, baba," alijibu Vesna, binti yake.

"Basi si sikukuu."

Vesna akatoka jikoni akifuta machozi. Emérence akashika kiuno. "Bon, Papa, unataka nini? Sema."

Mzee akasema. Kijiji chao kule Serbia kilikuwa cha Waserbia, Wahungari, Waslovakia na Waroma, kila watu na mtaa wao. Mwenye sikukuu hakugusa moto; jirani wa lugha nyingine ndiye aliyempikia. Waserbia waliwapikia Wahungari Krismasi yao ya Desemba, Wahungari wakawarudishia Januari. Vita vilipita, desturi ikabaki. Kisha vijana wakahamia mijini, nyumba zikafungwa moja moja.

"Nikila mapishi ya binti yangu," alisema, "kijiji kimekwisha."

Emérence alicheka mpaka akashika mbavu. Kumbe ni hilo tu! Kwao Uvira mfiwa hashiki mwiko, majirani ndio wapishi. Ila kumpikia mtu kwa sababu ana furaha, hilo lilikuwa jipya, na lilimpendeza.

"Papa, mimi lugha yangu ni Kiserbia?"

Mzee akamtazama kama ndiyo kwanza anamwona. "Leo ni mfungo, hatuli nyama," alisema polepole. "Ni samaki na maharage."

Maharage! Hapo Emérence akajiona malkia. Akampigia simu Delfina, rafiki yake Mrundi wa mtaa wa East Side, aliyelelewa kwa maharage katika kambi za wakimbizi za Tanzania. "Leta mawese, dada. Tunapikia kijiji kizima." Delfina akaja na theluji mabegani, wala hakuuliza kijiji gani.

Vesna alikatazwa hata kuosha kijiko. Papa Janko alikula, akaongezwa, akapangusa sahani kwa mkate. Emérence alimtazama kwa fahari asiyojaribu kuificha.

Simu ikalia. Alikuwa mdogo wake Papa Janko, aliyeishi mji wa Columbus, na kila mkesha aliuliza lile lile: kijijini wamebaki wangapi?

"Waserbia wawili," alijibu Papa Janko, mdomo umejaa. "Mkongo mmoja, Mrundi mmoja. Tumeongezeka."