Neno Moja la Fusae

Tangu apatwe na kiharusi, mke wangu Fusae amebaki na neno moja tu la Kijapani: domo. Binti yetu Chinami alikuja na fomu za nyumba ya wazee.

"Baba, mama haongei tena. Utamwezaje peke yako?"

Theluji ilianguka polepole, nyumba ikawa kama inaelea mawinguni. Mpeleka barua akabisha hodi. Fusae akamwinamia, "Domo," akimsalimu. Nilipompa supu alishukuru kwa neno lilelile, laini zaidi. Kisha supu ikanimwagikia gotini.

"Domo, domo," akaomba radhi, akinipangusa.

"Huyu ndiye asiyeongea?" nikamuuliza Chinami.

Akacheka huku akilia, akarudisha fomu mkobani. "Haya, mzee. Mwongezee supu basi."