Kuogesha Kioo

Jumamosi mume wangu alitoa kioo cha darubini yake, kikubwa kama sinia, akakilaza kwenye meza ya jikoni. Akatukataza kuongea karibu nacho, eti tutakirushia mate.

"Mama watoto, njoo unisaidie kukisafisha," akasema. "Ila usikisugue! Utando wake unaong'aa ni mwembamba mno. Chembe moja ya vumbi ukiiburuza, umekikwaruza."

Nilivua pete bila kuambiwa. Nikatandika taulo kwenye beseni ili kisiteleze, nikajaza maji, nikayapima kwa kiwiko. Yalikuwa vuguvugu. Nikatia tone la sabuni, nikakizamisha taratibu huku nimekishika pembeni. Yeye alikuwa akinizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Polepole! Polepole!"

"Ukiendelea kunipigia kelele nakuachia beseni lako."

Akarudi nyuma hatua moja. Nilikiacha kilowe mpaka vumbi likalegea. Kisha nikakipitishia pamba iliyolowa, bila kuikandamiza hata kidogo, na kila pamba ikipita mara moja naitupa. Nikakisuuza kwa maji yasiyo na chumvi, nikakisimamisha kwenye taulo kichuruzike maji chenyewe.

Kilipokauka, alikiinamia kwa tochi, akakikagua ukingo hadi ukingo. Hakuona hata mchubuko.

"Kumbe unaweza!" akasema, macho yamemtoka. "Nani kakufundisha?"

"Wanao wanne," nikamjibu. "Wewe ulikuwa nje, unatazama nyota."