Mchezo Uliokataa Kurefuka

Kaka Mkubwa akija kwa Mama huwa havui viatu. Anasimama mlangoni, anauliza kama dawa za presha zipo, anasema "haya, mimi nakimbia," na kweli anakimbia. Kwa hiyo Jumapili ile alipovua viatu, akavua na soksi, akaketi chini kwenye zulia kama mtu aliyekuja kuanza darasa la kwanza, nilimtazama Mama na Mama akanitazama mimi. Nikasema moyoni, huyu kaua mtu.

"Chiriku!" akaita. "Njoo uone mjomba wako amekuletea nini!"

Chiriku ni mtoto wa dada yetu. Jina hilo alilipata kwa mdomo wake. Anaanza kuongea kabla hajafumbua macho. Alikuja mbio akakuta boksi jipya, bado lina nailoni. Ulikuwa ule mchezo wa kununua mitaa na kutozana kodi, ila wa watoto. Mahoteli hakuna, kuna vibanda vya plastiki. Mitaa ya matajiri hakuna, kuna duka la aiskrimu, bwawa la kuogelea, duka la midoli. Noti zote ni za moja moja, mtoto asihangaike na chenji.

"Tunacheza wote," akasema Kaka Mkubwa. "Mimi, wewe, Bibi, na huyu mjomba wako Nusu Digrii."

Nusu Digrii ni mimi. Niliacha chuo mwaka wa tatu, na Kaka Mkubwa hajawahi kukubali nisahau. Na mimi namwita Waziri, kwa sababu hata chumvi mezani anaiomba kama kuna kipaza sauti mbele yake.

Dada mwenyewe hakuwepo. Mchana ule shemeji, yaani mke wa Waziri, alimpitia na teksi: eti kuna rafiki yake anaolewa, anataka kushonewa, lazima apimwe leo leo, tena kwake, mbali huko. Dada ni fundi cherehani na kazi haikatai. Akachukua futi yake ya shingoni, akafunga chumba cha mbele, akaenda.

Nieleze hicho chumba. Nyumba ni ya Mama, lakini Dada ndiye anayekaa naye, anayemkanda miguu ikivimba, anayelipa umeme kwa sare za shule anazoshona kwenye chumba cha mbele, kile chenye mlango wa barabarani. Wateja wanaingilia hapo. Ada ya Chiriku inatoka hapo. Ukimwondoa Dada kwenye chumba kile, umemwachia uzi na sindano tu.

"Nasoma mimi sheria!" Chiriku alikuwa ameshanyakua karatasi. Akaweka kidole. "'Ukifika mahali hapana mwenyewe, unanunua. Ukifika pa mtu, unamlipa. Hakuna kukopa. Hakuna kuuziana. Mchezaji mmoja akiishiwa, mchezo umekwisha kwa wote.'"

"Umekwisha kwa wote?" Waziri akashtuka. "Kivipi?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, Mjomba."

"Lete hapa." Akaisoma, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele, kama anatafuta pa kukata rufaa. "Mbona ule tuliokuwa tunacheza kazini ulikuwa unakula siku nzima?"

"Ule wa wakubwa, Waziri. Wewe umenunua wa watoto. Huu unakwisha chai haijapoa."

Akakunja uso. Mimi nikacheka, maana sikuelewa. Mtu asiyekaa kwa mama yake hata muda wa kunywa maji, leo anaumia kwamba mchezo ni mfupi?

Tukaanza. Mama alisema hajui, halafu akarusha dadu kama anamtupia kuku mtama, na bahati ikamkalia. Akanunua bwawa. Akanunua duka la aiskrimu. "Mimi na aiskrimu wapi na wapi, na meno haya," akasema, lakini mkono ulishapokea kibanda. Waziri alipelekwa jela mara ya kwanza, Chiriku akashangilia mpaka akapaliwa. Mimi nikawa naangukia bwawa la Mama tu.

"Lipa," Mama akasema.

"Mama, si ndo nimetoka kulipa?"

"Umeoga tena. Lipa."

Nikabaki mikono mitupu. Chiriku akasimama juu ya kochi. "Mjomba Nusu kafilisika! Mchezo umekwisha! Bibi kashinda!"

"Hapana, hapana. Shuka, kaa," akasema Waziri. "Namkopesha."

"Hakuna kukopa!"

"Leo ipo. Mjomba ametunga sheria mpya." Akanisukumia noti zake mwenyewe, nusu ya mali yake, yeye ambaye niliwahi kumwomba nauli akanipa ushauri. "Tuendelee."

Tukaendelea. Mama akataka kuinuka, miguu inamuuma akikaa sana. Waziri akamshika mkono. "Kaa kidogo, Mama. Lini tumekaa hivi?" Mama akakaa. Uso wake ulikuwa unang'aa, na ule mkono aliuacha palepale kwenye kiganja cha mwanawe, haukuomba kurudi. Waziri kwa mkono wa pili alikuwa anachungulia simu.

Safari hii akaishiwa Chiriku. Hakulia. Akaweka kibanda chake cha mwisho chini kwa adabu, akasema, "Basi. Umekwisha kweli sasa."

"Haujaisha."

"Umekwisha, Mjomba, mimi sina—"

"Nimesema haujaisha!"

Chiriku akafunga mdomo. Sikuwahi kumwona hivyo akiwa macho.

"Unamfokea mtoto kwa kibanda cha plastiki?" nikamuuliza.

"Kazidi mdomo. Nani anamlea?"

"Unamjua anayemlea."

"Ndo maana." Akaibamiza dadu. Ikaruka ubao, ikapita chini ya meza, ikakimbilia kwenye korido.

Nikainuka kuifuata.

"Iache!" akasema Waziri. "Tutatumia... tutatumia nyingine."

"Nyingine ipi? Ipo moja tu."

"Basi naenda mwenyewe!" Akajitutumua, lakini alikuwa amekaa chini kuliko alivyowahi kukaa maishani, mguu ukafa ganzi, akaanguka ubavu juu ya duka la midoli. Ningecheka siku nyingine. Mimi nilikuwa nimeshafika koridoni, na koridoni kulikuwa na cherehani ya Dada.

Cherehani ile ni ya kukanyaga, ya chuma, nzito kama dhambi. Haitoki chumbani hata siku ya kufagia. Dada anafagia kuizunguka. Sasa ilikuwa imeegeshwa uso ukutani, kama mwanafunzi aliyepewa adhabu, uzi wa bluu bado unaning'inia kwenye sindano. Mlango wa chumba ulikuwa wazi.

Ndani kuna jamaa kapiga magoti na futi ya chuma. Rundo la sare kalifanya uzito wa kushikilia ncha ya pili. Sakafuni kachora mistari mirefu kwa chaki.

"Habari, bosi," akasema bila kuinuka. "Namalizia. Kaunta inakaa hapa, friji ya dawa pale. Huu mlango wa ndani tunauziba kwa tofali."

"Friji ya dawa?"

"Si duka la dawa? Mpangaji anataka kuingia mwezi ujao."

"Nani kakuleta?"

"Mwenye nyumba. Yuko hapo sebuleni. Kaniambia nisipige kelele, kuna mgonjwa."

Hapo ndipo kila kitu kiliposimama mahali pake: viatu, soksi, teksi ya shemeji, bi harusi, mkono wa Mama. Waziri alitafuta kitu cha kutushikilia siku nzima, akaingia dukani, akakosea boksi. Ndo maana alikuwa anamlazimisha mtoto acheze akiwa hana kitu.

Mimi ni mtu wa utani. Niliwahi kumpaka Waziri wanja akiwa amelala, akaenda nao kazini. Lakini pale utani wote ulinikauka mdomoni. Nikainama nikaokota shati jeupe la shule kutoka sakafuni. Lilikuwa na alama nzima ya soli ya kiatu, kisigino mpaka kidole. Nikarudi nalo sebuleni, nikalitandaza juu ya ubao, juu ya vibanda vyote.

"Nunua na hili," nikamwambia.

"Nusu Digrii, tulia kwanza."

"Usiniambie nitulie! Nani yule chumbani?"

"Kuna nini?" Mama akauliza. "Si wa dari huyo? Umeniambia unaleta mtu wa kuangalia dari."

"Na dari limo, Mama," Waziri akasema, sauti ya kipaza sauti imerudi. "Yule wa duka la dawa atakarabati mpaka paa. Nilitaka nikueleze taratibu, baada ya mchezo. Wewe unakuja kwetu. Chumba cha uani kipo, nimeshapaka rangi. Hapa panakuwa na kipato."

"Na mama yangu?" akauliza Chiriku.

"Mama yako ni mtu mzima. Atapanga mahali. Cherehani inakaa popote."

"Rangi umepaka lini?" nikamuuliza. "Maana wewe unapaka, mpangaji anapima, tofali zinahesabiwa, na mwenye nyumba anacheza dadu!"

Kabla hajajibu, tulisikia mlango wa barabarani, kisha kimya, kisha sauti ya Dada kutoka chumba cha mbele. Hakupiga kelele. Aliuliza neno moja tu, polepole.

"Nani kashika chaki yangu?"

Akatokea koridoni. Futi ya kitambaa shingoni, chaki imebaki kipande mkononi. Alipita pembeni ya cherehani yake bila kuitazama, kama unavyompita mgonjwa usiyetaka akuone unalia.

"Mdogo wangu," Waziri akaanza, "tuongee kama familia."

"Familia?" Dada akasema. "Mkeo kanizungusha mpaka nimebisha hodi nyumba imefungwa, jirani ananiambia hapa hakuna mtu wa kuolewa, hapa anakaa mzee peke yake. Wifi yuko kwenye teksi anacheka na simu. Nimerudi kwa miguu, Kaka. Sasa ndo tuwe familia?"

"Mimi ni mkubwa wenu, lazima nifikirie—"

"Mkubwa wa nini? Miguu ya Mama umeikanda lini? Taja siku. Taja siku moja tu, na mimi nafunga mzigo wangu sasa hivi."

Waziri akafungua mdomo. Kweli alijaribu kutafuta, nilimwona. Hakupata.

"Na ufunguo," Dada akasema. "Nilifunga. Ufunguo umeutoa wapi?"

Ufunguo wa akiba anautunza mtu mmoja. Dada akamgeukia Mama polepole.

"Aliniomba alipoingia tu," Mama akasema. "Alisema dari linavuja."

"Linavuja lini, Mama? Mimi si ndo nakaa chini yake? Hukuona hata uniulize?"

Waziri akaona nafasi. "Mama, sema neno. Nyumba ni yako, amua wewe."

Mama akainuka. Nilimpa mkono, akaukataa. Akashika ukingo wa meza, akajiinua mwenyewe kidogo kidogo. Akamgeukia mwanawe wa kwanza.

"Umenishika mkono," akasema. "Nimekaa hapo miguu inaniwaka moto, nasema niache iwake, mwanangu leo kanikumbuka. Kumbe ulikuwa umenishikilia nisiende kuona."

"Mama, si hivyo—"

"Rudisha cherehani."

"Namwita yule fundi airudishe."

"Nimesema wewe."

Akaibeba, Waziri, peku, jasho linamtiririka kwenye shati la pasi. Chuma kile kilimgonga ugoko mara mbili na hakuna aliyesema pole. Chiriku akapata mdomo wake tena. "Kushoto, Mjomba. Hapana, kushoto! Mguu wake unakaa pale kwenye shimo. Umeiweka kinyume."

Yule jamaa wa futi alikuwa anakunja vitu vyake haraka. Mama akasimama katikati ya mistari ya chaki.

"Wewe, baba, kamwambie mtu wako wa dawa. Chumba hiki ni cha binti yangu mpaka siku atakayotoka mwenyewe kwa hiari yake. Na mimi siendi kwa mtu."

"Mimi niliambiwa mmekubaliana, mama. Samahani sana," akasema, akatoka, akarudi kidogo akafuta mstari mmoja kwa soli yake, akatoka tena.

Waziri akamrudishia Mama ufunguo wa akiba, akavaa viatu. "Mtanikumbuka," akasema. "Paa likiwaangukia mtanikumbuka." Halafu, na mimi nilikuwepo, sikusimuliwa: alikwenda sebuleni, akakunja ubao, akakusanya vibanda na noti za moja moja, akatia boksi kwapani. Mtu mwenye gari.

"Chukua tu," Chiriku akamwambia mlangoni. "Hata kuucheza hujui."

Gari lilipoondoka nilidhani sasa tutapumua. Mama akatoa ufunguo wa akiba kwenye fundo la kanga, akamnyooshea Dada.

"Shika. Mimi sitaki kuwa nao tena."

Dada akaupokea. Hakusema asante.

"Haya maneno uliyomwambia mtu wa futi," akasema, "mimi nimeyasubiri tangu nirudi nyumba hii na mtoto tumboni. Leo nimeyasikia kwa sababu kuna mgeni. Siku zote nafunga mlango ndani ya nyumba yetu, Mama, unadhani namfungia nani?"

Mimi nilitafuta mzaha wa kutuokoa, mimi ambaye sikosi. Sikupata.

Dada akalitazama lile shati, alama ya soli, akalitupa kwenye beseni. Akaingia chumba cha mbele, akakaa kwenye kiti chake. Akatia uzi, ukapita pembeni ya tundu. Akatia tena, ukapita pembeni. Chiriku akamtilia.

Kisha akakanyaga. Cherehani ikaunguruma, vioo vya dirisha vikaitikia. Mama, mgongo kauegemeza mlangoni, alisema kitu. Hakuna aliyesikia. Akasogea, akasema tena kwa nguvu zaidi, nikaona midomo tu. Dada aliinamia kitambaa, na mguu hakuuinua.