Herufi za Kaka Mhina

Usiku wa jana niliota, na msiniambie ni malaria, maana nilishapima.

Ni mchana kweupe, niko uani kwangu Korogwe, nabandua maandishi kwenye mlango wa kirikuu, kigari chetu cha mizigo. Gari hilo tulilinunua mtumba, mimi na kaka yangu Mhina, tukaliandika ubavuni kwa stika nyeupe: MHINA NA MDOGO WAKE, VITI NA MATURUBAI. Mdogo wake ni mimi. Mwaka jana watu wa harusi walikodi turubai letu, Mhina akalipeleka msibani kwa jirani bila kuniuliza. Nikamwita mjinga mbele za watu. Akaondoka zake, na hatukusemezana tena. Wiki tatu zilizopita akafa. Nilipeleka viti mia mbili msibani kwake, mwenyewe nikabaki nyumbani. Niliona aibu. Wako wanaosema kiburi, na hawajakosea sana.

Basi nimeshika draya ya nywele ya mke wangu, kwa sababu stika ya zamani haivutwi kavu. Unaipasha moto gundi ilegee, kisha unavuta pole pole.

"Pole," ikasema draya. "Na pole nyingine. Moja yako, moja ya shemeji yako."

Nikashukuru, nikavuta M. Ikaanguka chini, ikasimama kwa miguu yake, ikajipangusa vumbi.

"Tanga limeanuliwa?" ikaniuliza.

Kwetu kitu cha marehemu hakiguswi mpaka tanga lianuliwe, maombolezo yaishe, na mimi nalijua hilo tangu utoto.

"Limeanuliwa," nikasema. Nilidanganya. Nani anaapishwa na herufi?

H, I, N na A zikaruka zenyewe bila kupashwa moto, zikaenda kulala kifudifudi nyuma ya gurudumu, kama watani wanavyolala kaburini kuzuia maziko mpaka wapewe chochote.

"Sisi ni watani zenu," zikasema. "Gari haliondoki. Tupe ulichomnyima Mhina."

Nikazipa maji. Zikakataa. Nikazipa sigara. H ikavuta mbili, ikakataa.

"Mlangoni pamebaki NA MDOGO WAKE," ikasema A. "Mdogo wa nani sasa?"

Loo, swali hilo lilinichoma. Nikageuka nijifanye nina kazi. Nikaona pale nilipobandua, jina bado linasomeka. Gari zima limepauka, lakini chini ya herufi rangi ni ya bluu kama siku tuliyolileta nyumbani. Nikasugua kwa mafuta ya taa. Nikasugua kwa petroli. MHINA inazidi kung'aa.

"Hapo hupaondoi," ikasema M. "Miaka tisa jua lilitupiga sisi. Hapo halikufika."

Nikafungua mlango niingie nikimbie. Upande wa pili hakuna usukani. Ni makaburi ya kijijini kwetu, na viti vyangu mia mbili vimepangwa mistari, vyote vitupu, vyote vinamtazama Mhina.

"Sisi tulikuja," kikasema kiti cha mbele. "Tulihesabiwa kwenda na kurudi. Wewe hukuwamo."

"Nilikuwa na kazi."

"Kazi gani?"

"Nilikuwa nimekaa."

"Basi kaa," kikasema.

Nikakaa. Kusimama, wapi! Gundi ya herufi imetapakaa suruali yote, imenishika barabara.

"Nipulizie moto," nikaiambia draya.

"Makaburini hakuna umeme, mtani."

Herufi tano zikaja kupanga foleni mbele yangu, zikafunga mikono. Sijui zilipata wapi mikono. Nikaanza kulia, tena kile kilio cha mtu mzima kisicho na adabu, kamasi na yote.

"Kaka, nisamehe," nikasema. "Mjinga nilikuwa mimi."

"Kumbe kaneno kenyewe ni kafupi hivyo!" ikasema M. "Na mwaka mzima umekashindwa."

Watani hucheka msibani, nazo zikacheka mpaka I ikaanguka. Kaburi halikujibu. Nilingoja sana, halikujibu, na hicho ndicho kilichoniuma kuliko vyote.

Nikaamshwa na simu. Kumekucha. Ni shemeji Mwantumu, mjane wa Mhina, mara ya kwanza kunipigia tangu msiba.

"Shemeji, habari za asubuhi. Samahani kukusumbua. Kiti chenu kimoja kimebaki kaburini."

"Haiwezekani, shemeji. Vilirudi vyote, nilivihesabu mwenyewe."

"Hata mimi nashangaa. Jana jioni nilifagia pale, hakikuwapo. Leo nimekikuta kimewekwa karibu kabisa, kama cha mtu aliyekuja kumwangalia mgonjwa. Nikasema ngoja nikae nimsomee dua kidogo. Kunyanyuka, kanga imenasa. Kina gundi, shemeji! Nikisugue na nini?"

Nikakaa kitandani nikiitazama mikono yangu.

"Usikisugue," nikasema. "Kiache hapo hapo. Nakuja."

"Unakuja wapi?"

"Kaburini. Kwa kaka."

"Wewe?" akasema. "Unakuja kweli?"

"Nakuja, shemeji."

Hapo ndipo alipoanza kulia, nami viatu vikanishinda kuvaa.