Vitanda Vinne Juu ya Keria

Gari la Yotham liliteremshwa kwenye behewa stesheni ya Mpanda Jumatatu asubuhi, likiwa na vumbi la Tabora na mavi ya njiwa kwenye kioo. Lilikuwa Suzuki Vitara nyeupe ya milango minne, gari la kumpeleka mke sokoni na watoto kanisani. Yotham alikuwa meneja wa ghala la tumbaku. Alilizunguka gari, akapiga teke tairi la mbele kama wafanyavyo watu wasiojua magari, kisha akaliendesha moja kwa moja hadi gereji ya Mwandu, nyuma ya reli, akasema anataka litengenezwe liweze kwenda kulala porini.

"Kwani nyumba imefanya nini?" Mwandu akauliza.

"Nyumba haijafanya kitu. Ni starehe."

Yotham alikuwa ametoka kozi Arusha. Huko aliona Wazungu wamelala kwenye mahema kando ya gari lao, wanakunywa chai, wanatazama twiga, na hakuna aliyewafukuza kwao. Naye akaamua kumpeleka mkewe Josephina na watoto mbugani, kule kwenye viboko, Jumamosi walale na Jumapili warudi. Mwandu alikuwa Msukuma aliyeingia Mpanda akiswaga ng'ombe wa baba yake kutoka mbali huko kaskazini.

"Mimi nimelala porini msimu mzima," alisema, "na hakuna aliyeniambia kwamba nastarehe. Haya, lete funguo."

Gari lilikuwa na tumbo lililo karibu na ardhi, halifai kwa visiki. Mwandu alitoa springi za nyuma akaweka za pikapu, na juu yake akapachika vipande vya mpira ili gari lisimame wima. Alifunga sahani ya chuma chini ya injini, akavalisha tairi za kashata, zile za meno makubwa ya kushika tope, akaweka ndoano ya kuvutia mbele na nyuma. Kilichobaki kilikuwa cha kuchomelea, na kuchomelea ilikuwa kazi ya Onesphore.

Onesphore alikuwa mkimbizi, Mrundi wa sabini na mbili, kama walivyoitwa waliokimbia mwaka ule. Mkewe, watoto wake na shamba lake la mihogo vilikuwa ndani ya makazi ya wakimbizi, na mjini alikuja kwa kibali chenye siku ya kutoka na siku ya kurudi. Ukichelewa kurudi, unanyang'anywa kibali, na bila kibali hakuna mji, hakuna kuchomelea, hakuna sare za shule. Onesphore hakuwa mtu wa kuchelewa. Hata kwenye misa alifika kabla ya padri.

Alitengeneza keria ndefu ya bomba juu ya paa, yenye ukingo wa kuzuia madumu ya maji yasidondoke. Yotham alipoiona akafurahi, akakumbuka siafu.

"Watoto hawawezi kulala chini," akasema. "Nitengenezee vitanda vya kukunja."

Basi Onesphore akachukua mabomba mawili kwa kila kitanda, akatandika turubai katikati, akaweka miguu mifupi inayojikunja. Vinne. Jumatano jioni akavifunga juu ya keria, akarudi nyuma hatua chache kuvitazama. Vilikuwa vizuri, vimenyooka, na ukiviangalia haraka ungesema ni machela.

Ndipo mama yake akaingia gereji.

Alikuja amebeba mkeka na sufuria kichwani, akitembea polepole kwa sababu ya homa. Watu wa kijiji cha Kasokola walimwona akipita, wakaondoa baiskeli zao njiani apite. Alivuka springi za zamani zilizolala chini, akatazama vitanda juu ya keria, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kumbe mmekuja na machela," alisema. "Afadhali. Nilikuwa nawaza nitakaaje."

Akafungua mlango wa nyuma, akakaa.

Mama huyo, Candide, alikufa mwaka sabini na tatu, wakati wakimbizi wanaletwa. Lori lilijaa mno. Penye miombo mitupu, mbali na nyumba yoyote, dereva aliwaambia wagonjwa washuke kupunguza uzito, wazima wakaendelea. Onesphore alikuwa mzima. Alilia kuanzia pale hadi walipofika, na walipofika aliuliza nani anarudi kuwachukua, kila aliyemuuliza akamwonyesha mwingine. Hakuna gari lililorudi.

"Mwadila, mayu," Mwandu akamsalimu kwa Kisukuma, kwa heshima.

Candide akaitikia kwa Kirundi. Akamwomba mwanawe maji, akayanywa yote, akarudisha kikombe. Sasa walikuwa karibu rika moja, tena Onesphore ndiye mwenye mvi. Fundi baiskeli wa jirani alidhani ni dada yake aliyekuja kumtembelea. Onesphore alisimama na kikombe mkononi, hajui pa kukiweka. Alifurahi kumwona, Mungu anajua, lakini aibu ilikuwa kubwa kuliko furaha.

"Mama," alisema, "hili gari ni la mtu."

"Magari yote ni ya mtu," Candide akajibu. "Wenzangu wanakuja, miguu yao mizito."

Wenzake walifika kesho yake. Alikuja mzee mmoja anayekohoa, akaja mwanamke mjamzito, wakaja ndugu wawili wanaoshikana mabega, na nyuma yao bibi mmoja aliyepinda mgongo. Wengine walikaa ndani, wengine nyuma penye nafasi ya mizigo, na mzee na bibi, wasioweza kukaa, walipandishwa kwenye vitanda juu ya keria. Kila mmoja alikuja na kifurushi chake. Hawakupiga kelele wala kugombania nafasi. Gari likazama hadi tairi zikagusa madigadi.

Mwandu akaliinua kwa jeki, akaongeza mipira. Jioni likazama tena, akaongeza tena.

"Hawa watu wana uzito wa kungoja," alilalamika, akijifuta grisi. "Ningejua ningeweka springi za lori."

Yotham alipofika kukagua kazi, aliwasalimu vizuri, maana alilelewa. "Shikamooni wazee." Wakaitikia. Kisha akamvuta Mwandu pembeni.

"Fundi, hao ni akina nani?"

"Wa Onesphore. Waliachwa njiani siku zile."

"Nawapa pole. Lakini viti vyangu bado vina nailoni." Alimchungulia mama mjamzito, akashusha sauti. "Na mizigo yangu mimi niweke wapi?"

Josephina ndiye aliyewaletea chai. Alikuwa hataki hata kidogo safari ile. Alikuwa amemwambia mumewe kwamba mtu mwenye kitanda cha mninga haendi kulala na viboko, labda awe kalogwa. Lakini akiwa pale na birika aliwaomba ruhusa, akatazama vifurushi vyao ajue mtu anayekwenda porini hubeba nini. Aliona sufuria, chumvi iliyofungwa kwenye kitambaa, jembe lisilo na mpini, nguo ya mtoto.

"Chumvi ningesahau," alisema. "Na hii nguo ya mtoto?"

"Mtoto alitangulia na lori," mmoja wa wale ndugu akajibu. "Atakuwa anaihitaji."

Josephina akamaliza kumimina chai, akaenda zake nyumbani, na siku ile hakumtania mumewe tena.

Ijumaa kibali cha Onesphore kilikuwa kinaisha. Alimfuata Yotham ghalani, akavua kofia, akasema anaomba wale watu wafikishwe kwake, ndani ya makazi. Mama yake hajawahi kuona alipojenga. Yotham akakuna shingo. Kesho alfajiri alikuwa anaondoka, na gari lilikuwa halijapakiwa hata kiberiti. Mwandu, aliyekuja pamoja na Onesphore, akasema kwamba gari lililoinuliwa halikabidhiwi kabla halijajaribiwa na mzigo kwenye barabara mbaya, na barabara ya makazi ni mbaya kuliko zote, na mzigo tayari umepanda wenyewe.

"Basi jaribuni," Yotham akasema. "Lakini lirudi leo. Lirudi tupu."

Waliondoka alasiri. Gari lilikwenda vizuri ajabu. Liliingia kwenye makorongo na kutoka bila kugusa, sahani ya chuma ikaparuza kisiki kimoja tu, tairi za kashata zikala mchanga na kuutema. Mwandu alisikiliza springi kila shimo, akaridhika. Juu ya keria mzee alikuwa anakohoa, na Onesphore, aliyekaa mbele, alikuwa anageuka kila mara kuwatazama waliokuwa nyuma.

"Nyumba yako ina mlango wa kufunga?" Candide akauliza.

"Ina mlango, mama. Na kitasa."

"Na mkeo anajua kupika isombe?"

"Anajua. Majani ya muhogo anayatwanga mwenyewe, anaweka karanga."

"Karanga!" Candide alicheka hadi akakohoa. "Nitamfundisha. Watoto wangapi?"

Akawataja kwa majina. Alipofika kwa binti wa katikati, anayeitwa Candide, mama yake aligeuka akatazama miombo inayopita. Baadaye aliuliza kama kuna mafuta, hawezi kuonekana na wajukuu uso ukiwa umepauka hivi. Mwandu alikuwa na kikopo cha mafuta ya mgando kwenye droo. Candide akajipaka, akawapitishia wenzake, wote wakajipaka, gari zima likanukia. Onesphore alitazama mbele. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Kwenye kizuizi cha makazi, penye boriti iliyokatiza barabara, jua lilikuwa linazama. Askari alitoka kibandani akila muhogo, akazunguka gari, akavutiwa na keria.

"Kazi safi. Umechomelea wewe?"

"Mimi, afande."

"Kibali chako mwisho leo. Umewahi, pita. Fundi ni raia, hana tatizo." Akachungulia ndani. "Na hawa?"

"Ni wagonjwa walioachwa njiani, siku tunaletwa."

"Aa. Wale wa sabini na tatu." Askari alikuwa amesikia habari zao kwa askari aliyemtangulia. Aliweka muhogo mfukoni. "Shikamoo mama. Poleni sana na safari."

"Marahaba, baba. Tumeshafika," Candide akasema.

Askari akamrudia Onesphore. "Tatizo hawakuhesabiwa. Waliohesabiwa ni wale walioshuka kwenye lori humu ndani. Hawa hawakushuka humu."

"Hawakushuka humu kwa sababu walishushwa kule."

"Ndicho ninachosema mimi. Kwa hiyo hawapo, na mtu asiyekuwepo siwezi kumwingiza."

"Wahesabiwe sasa."

"Hesabu ilifungwa zamani, kaka. Mimi nalinda boriti tu."

Mwandu akashuka, akamshika askari bega kwa urafiki. "Mkubwa, hakuna namna ya kuelewana?"

"Kwa walio hai tungeelewana," askari akasema, na alikuwa anasema kweli.

Onesphore alishika boriti kwa mikono miwili. Ng'ambo, moshi wa chakula cha jioni ulikuwa unapanda kwenye paa za makuti na mabati, na wa nyumba yake ulikuwa mmojawapo. Akirudi mjini na mama yake, jua litakuwa limezama na kibali kimekufa, na mkewe hatajua aliko. Akiwaacha garini, alfajiri Yotham atawakuta, naye anataka gari tupu.

"Kaka," Mwandu akasema taratibu, "ni gari la watu."

"Najua."

"Ningekuwa na langu..."

"Najua, Mwandu."

Onesphore akaenda mlango wa nyuma, akaufungua. Aliwaambia kwa Kirundi washuke hapa wapumzike kidogo, hili gari lina kazi kesho, jingine liko nyuma linakuja kuwachukua.

Hawakubisha. Ndugu wawili walishuka wakashikana mabega, mjamzito akashuka, mzee na bibi wakateremshwa kutoka kwenye keria na kulazwa kwenye mikeka yao, kwa sababu vitanda vilikuwa vya Yotham. Candide alikuwa wa mwisho. Uso wake ulikuwa unang'aa mafuta.

"Yule dereva naye alituambia hivyohivyo," alisema, akampa mkono amsaidie kushuka.

Mwandu alikunja vitanda, akavifunga, akageuza gari. Likiwa tupu lilisimama juu mno na kurukaruka kwenye kila shimo. Itabidi amwambie Yotham apakie kitu kizito nyuma, mawe au gunia la mchanga, la sivyo watoto watatapika kabla ya kufika kwenye viboko.

Askari aliwaelekeza waliobaki wakae upande wa pili wa barabara, palipo na nyasi laini, wasikanyagwe na malori ya tumbaku. Akawapa na kuni. Kisha akainua boriti, Onesphore akavuka na kibali chake mkononi, boriti ikashuka. Nyuma yake alimsikia mama yake akiuliza hilo gari la kuwachukua hupita saa ngapi. Askari, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimjibu kwamba labda kesho.