Modemu Iliyomleta Smaranda Mzima

Jumamosi saa tatu asubuhi, katika soko la mitumba nyuma ya stesheni ya mji wa Botoșani, Veturia Hrițcu alitega sikio juu ya modemu ya sita na kuwaomba wateja wengine wanyamaze. Alikuwa ameunganisha simu za watu kama opereta kwa miaka ishirini na sita, na hakuna mkwaruzo wa laini ambao hakuujua kwa sauti yake.

"Hii ina mafua," alisema, akairudisha mezani.

Sandu, muuzaji, alicheka. "Mama, umeshazikataa sita. Unatafuta modemu au mkwe?"

"Natafuta ya kumleta binti yangu mzima."

Sandu akaacha kucheka, maana sasa hayo yalikuwa mambo ya kazi. "Mzima hadi miguu? Kutoka wapi?"

"Bergamo, Italia. Anamtunza bibi kizee wa familia moja huko."

Veturia akamweleza. Kompyuta yao ilitoka kiwanda cha nguo kilipofungwa. Mumewe, Eftimie, aliibeba mgongoni hadi ghorofa ya tatu. Modemu ya kwanza, ya kuchomekwa ndani, ilimleta binti yao Smaranda kuanzia nywele, mstari kwa mstari, kwenye kiti cha karibu na dirisha. Alipofika mabegani, modemu ikakwama. Mdomo ulikuwa umeshafika, kwa hiyo waliongea dakika nne, kisha laini ikakatika. Modemu ya pili ilikuwa ya kasi mno. Ilimfikisha kiunoni, lakini alikuja na michirizi kama kitambaa kilichofumwa vibaya, na mikono haikuja kabisa.

"Mikono yangu haina neno, mama," Smaranda alisema harakaharaka, kisha akatoweka.

"Kasi ndiyo iliyokuponza," Sandu alisema. "Laini zetu kuukuu, ukizisukuma zinadondosha vitu. Mzee mmoja hapa alimpokea mwanawe kutoka Hispania bila kisigino. Chukua hii ya nje. Ni kobe, lakini kipande kikipotea inauliza tena na tena mpaka kipatikane. Haimezi kitu."

Aliichomeka kwenye simu ya kibandani. Taa zikawaka, modemu ikapiga mluzi, ikalia, ikakoroma, ikatulia. Katika ule utulivu Veturia aliisikia laini yote hadi ng'ambo, safi. Akafungua mkoba.

"Nifungie hiyohiyo."

Ilibaki kazi moja. Yeye na Eftimie walitumia laini moja ya simu na jirani yao Lucreția wa ghorofa ya juu, na kila alipoinua mkono wa simu, yao ilikatika.

"Kesho njoo ukae kwetu," Veturia alimwambia. "Ukiwa hapa hutaishika."

"Na dada yangu akinipigia?"

"Dada yako anakaa ghorofa ya kwanza, Lucreția. Atabisha hodi."

Jumapili saa nne, wakati matajiri wa Smaranda wako kanisani na ofisi yao yenye kompyuta iko tupu, Veturia alibonyeza kitufe. Lucreția alikuwa ameketi amepakata keki yake. Eftimie alivaa tai.

"Nywele!" Eftimie alitangaza kama mtangazaji wa mpira. "Paji la uso! Pua, pua yangu hiyo! Kidevu! Mabega!"

Lucreția akapiga makofi. Smaranda alikuwa akicheka hata kabla kifua chake hakijafika. Safari hii hakuwa na mchirizi hata mmoja.

Kisha mikono ikaja, na Eftimie hakuitangaza. Ilikuwa imepasukapasuka kwa dawa ya kusafishia sakafu, nyekundu hadi viwiko. Baada ya mikono ikaja sketi, magoti, na mwisho soksi mbili zilizotoboka.

"Viatu viko wapi?" Veturia aliuliza.

"Tajiri amevifungia kabatini, pamoja na pasipoti. Tangu Machi. Anasema asije akasikia nimepotea."

"Basi usirudi!" Eftimie alisema. "Uko nyumbani. Nani atakutoa?"

"Baba, nimekuja kwa simu. Laini ikifungwa narudi nilikotoka. Kuja kwa treni kunataka pasipoti."

"Si uwapigie ubalozi?" Lucreția aliuliza.

"Niliwapigia. Wakasema niende mwenyewe, na pasipoti mkononi."

Veturia akamkumbatia, na binti yake alikuwa na uzito wake wote na joto lake lote. Akampakulia sarmale, nyama iliyoviringishwa kwenye majani ya kabichi, mara mbili, na Smaranda akala huku akisimulia na kujibu kila aliloulizwa. Lucreția akakata keki. Kisha Veturia akafungua kopo la malai ya mikono, akavuta kiti karibu naye, akampaka kidole kwa kidole, polepole, malai mengi meupe, hadi viwikoni.

"Misa inaisha," Smaranda alisema. "Jumapili ijayo, saa hizihizi."

Alianza kuondoka kwa nywele, mstari kwa mstari, akitabasamu mpaka mdomo ukaisha. Veturia alimshika mikono hadi mwisho. Modemu ilikuwa ya kuaminika kweli: juu ya ngozi ilirudisha kile tu ilichokuwa imekileta, bila kuongeza wala kupunguza. Mikono ilipokwenda, malai yalibaki hewani kidogo, yakiwa na umbo la vidole kumi, kisha yakaanguka juu ya kitambaa cha meza.